Klipu za taa za mbele katika gari kuukuu: chagua mapema kitakachovunjika

Taa ya mbele ya kushoto ya gari langu imeshikiliwa mahali patano: bolti mbili zinazoonekana mara tu boneti inapofunguliwa, bolti moja iliyojificha nyuma ya ukingo wa bampa, na klipu mbili za nyuma ambazo huwezi kuziona bila kioo kidogo au kamera ya simu. Bolti zote tatu zilinichukua dakika kumi. Klipu mbili zilinichukua siku mbili, na ya kwanza niliivuta kwa pupa hata sikio la taa, yaani kile kishikio cha plastiki kinachochomoza kwenye mwili wa taa, likakatika pamoja nayo. Naandika makala haya kwa ajili ya sikio hilo. Gari ni la mwaka 1996, taa zake za asili zimekuwa adimu, na taa ambayo ingali na masikio yake yote ni kitu cha kutunzwa, hata kama kioo chake kimekuwa cha manjano na ndani mna ukungu wa maji kama ilivyokuwa yangu.

Watu wengi husema klipu imegoma, au imekaidi. Nami nilisema hivyo siku ile ya kwanza. Sasa naona kwamba lugha hiyo ndiyo inayotupotosha, maana mtu akishaamini kuwa mbele yake kuna kitu kilichogoma, jibu linalomjia ni kuongeza nguvu. Klipu ilibuniwa iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na isitoke kwa mtikisiko wa barabara; miaka yote hiyo imekuwa ikifanya kazi yake. Aliyeibuni aliiachia pia njia ya kutokea, ambayo kwa kawaida ni ulimi mdogo wa kubonyeza, pini ya katikati ya kuinua, au upande mmoja tu ambao kichwa chake hukubali kupita. Kinachotusumbua ni kwamba njia hiyo imezibwa na umri, na kila aina ya klipu huzibwa kwa namna yake. Kwa hiyo swali la kwanza si nivute kwa nguvu kiasi gani. Swali la kwanza ni hii iliingiaje.

Kulijibu, hakuna chombo kilichonifaa kuliko simu. Niliiingiza nyuma ya taa ikiwa inarekodi video, tochi yake ikiwa imewashwa, kisha nikaketi na kuitazama picha hiyo polepole. Kama taa ya upande wa pili ni rahisi kufikiwa, anza na ile, kwa sababu klipu zake huwa ni zilezile zilizogeuzwa, na unaweza kujifunza mahali penye nafasi. Mimi nilianza na upande mgumu, ambako betri na bomba la kuingizia hewa vimebana kila kitu, na nikafanya kazi kwa kupapasa. Ningeondoa betri kwanza, sikio lile lingekuwa zima hadi leo.

Kuondoa betri, au angalau kufungua waya wake hasi, kuna sababu nyingine pia. Balbu ya halojeni huwa na joto kali sana ikiwa imetoka tu kuwaka, na taa za aina ya zenoni huwashwa kwa msukumo wa umeme unaozidi volti 20,000. Hapo si mahali pa kuingiza bisibisi huku swichi ikiwa haijulikani iko wapi. Na vaa miwani ya kinga. Nailoni, ile plastiki ya klipu hizi, ikizeeka haipindi kabla ya kukatika. Hupasuka ghafla, na kipande chake huruka kuelekea pale uso wako ulipo, kwa kuwa umeinama kuchungulia.

Klipu inayokutwa mara nyingi zaidi, hasa kwenye shoo ya mbele na kwenye plastiki zinazofunika sehemu ya juu ya radieta, ni ile yenye vipande viwili: ganda lenye miguu iliyopasuliwa, na pini ya katikati inayoitanua miguu hiyo. Hii haihitaji nguvu hata kidogo ikiwa pini yake itasogea. Tatizo ni kwamba kuna za kuinua na kuna za kubonyeza, na kwa juu zinafanana. Yenye vijinafasi pembeni mwa kichwa cha pini huinuliwa kwa ncha bapa. Yenye kidimbwi katikati ya kichwa hubonyezwa ndani kidogo, milimita mbili au tatu, mpaka usikie mlio mdogo. Ukizidisha, pini hutumbukia na kupotea ndani ya fremu. Iko pia yenye alama ya msalaba, ambayo watu huizungusha kwa bisibisi, nayo huzunguka bila kupanda kwa sababu nyuzi zake za plastiki zimelika. Hiyo hutoka ukiweka ncha nyembamba chini ya kichwa na kuiinua kidogo wakati uleule unaoizungusha. Lakini kabla ya yote hayo, isafishe. Vumbi lililochanganyika na mvuke wa mafuta hugeuka kuwa kitu kama saruji ndani ya ule mwanya wa pini, na mswaki wa zamani pamoja na maji ya sabuni yenye uvuguvugu vilifungua klipu nne ambazo nilikuwa nimekwisha kuzihukumu kuwa za kukatwa.

Klipu zilizonishinda hazikuwa hizo. Zilikuwa za aina ya pili, zile zenye shina moja lenye mbavu pande zote, zinazoingia katika tundu la bati na mbavu kufunguka upande wa nyuma. Klipu ya namna hii haina pini wala ulimi. Njia yake ya kutoka ni kurudi ilikotoka, kwa mstari ulionyooka, mbavu zikiwa zimebanwa. Mimi niliivuta kwa pembe, kwa kutumia mwili wa taa kama mtaimbo. Nilishika kona ya nje ya taa na kuivuta kuelekea kwangu, nikidhani kwamba nguvu yote inakwenda kwenye klipu. Kwa kweli nguvu ilikuwa inakwenda kwenye mzizi wa sikio la taa, ambapo plastiki ni nyembamba na ambapo miaka ya mtikisiko imekwisha kuacha nyufa ndogo. Kilichokatika ni kile kilichokuwa dhaifu zaidi, na katika gari kuukuu kilicho dhaifu zaidi mara nyingi ndicho chenye thamani.

Hapo ndipo nilipofikia uamuzi ninaoushikilia: mtu aamue kabla ya kuanza ni kitu gani kitavunjika endapo ni lazima kitu kivunjike, na kitu hicho kiwe klipu. Klipu mpya za kipenyo hichohicho hupatikana, nyingi zikiwa hata si za gari hilo mahsusi. Unapima tundu, unapima unene wa vipande viwili vinavyoshikanishwa, unatafuta inayolingana. Sikio la taa halinunuliwi peke yake. Ukishakubali hilo tangu mwanzo, mkono wako hubadilika. Badala ya kuvuta taa unaanza kufikiria jinsi ya kuimaliza klipu bila kuigusa taa.

Kwa klipu ya pili ya mbavu, nilijaribu kwanza njia ya upole. Nilichukua soketi ndogo ya spana, ambayo tundu lake lilikuwa kubwa kidogo tu kuliko shina la klipu, nikaisukuma kutoka nyuma juu ya mbavu. Ukingo wa soketi ulizikunja mbavu zote kwa pamoja kuelekea kwenye shina, na wakati huohuo mkono wa pili ukaisukuma taa kwa mstari ulionyooka. Ilitoka nusu, ikakwama. Ungeniona nimesimama pale na mikono miwili imejaa, ungeshangaa kwa nini sikuvuta tu. Sikuvuta. Niliteremsha soketi, nikachukua kipande cha msumeno wa kukatia chuma, nikakizungushia utepe upande wa kushikia, nikakipitisha katika ule mwanya uliokwisha kufunguka kati ya sikio na bati, na kulikata shina. Kipande cha msumeno ni chembamba kuliko bisibisi yoyote, na hakipanui mwanya kinapopita, ndiyo sababu sikio halikuhisi chochote. Kazi nzima ya kukata ilikuwa ya dakika nne.

Inafaa kueleza kwa nini nailoni hii inakuwa hivyo, maana ukielewa utajua pia wakati gani joto litakusaidia na wakati gani litakuharibia. Nailoni inapenda maji. Katika hewa yenye unyevu wa wastani, nailoni ya aina ya 66 hubeba maji yapatayo asilimia 2.5 ya uzito wake, na maji hayo ndiyo yanayoifanya iwe nyumbufu. Molekuli zake ndefu huteleza zikipishana badala ya kushikana kikavu. Chini ya boneti, karibu na radieta, joto huyafukuza maji hayo kila siku, na pamoja na hilo oksijeni hushambulia plastiki yenyewe na kuikata minyororo yake. Uharibifu wa kwanza hurekebishika: unyevu ukirudi, unyumbufu hurudi. Wa pili haurekebishiki. Klipu iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia na kuota nyufa kama udongo uliokauka imekwisha, nayo hata ukiiloweka mwezi mzima itapasuka tu.

Kwa ile ambayo ingali na rangi yake, maji moto ni dawa nzuri kuliko vyote nilivyojaribu. Nailoni kavu huanza kulegea inapokaribia nyuzijoto 60 hivi, na haiyeyuki mpaka ipite 200, kwa hiyo maji yaliyotoka kuchemka yana joto la kutosha kuilainisha na hayana joto la kuiharibu. Nililowesha kitambaa katika maji hayo, nikakizungushia klipu kwa koleo ya mdomo mrefu, nikahesabu dakika mbili, nikarudia mara tatu. Mashine ya kukaushia nywele hufanya kazi karibu ileile. Ninachokionea hofu ni zile mashine za kupuliza hewa moto za kubandulia rangi, kwa sababu hewa yake hufika nyuzi 500 na zaidi, ilhali kile tunachokiita kioo cha taa mara nyingi ni plastiki: cha akriliki hulegea karibu na nyuzi 105 na cha polikaboneti karibu na 147. Gundi inayounganisha kioo na mwili wa taa hulegea hata kabla ya hapo. Unaweza kuiokoa klipu na papo hapo ukaifungulia mvua njia ya kuingia ndani ya taa.

Onyo kama hilo linahusu mafuta ya kupenyeza kutu. Polikaboneti ina adui wa siri: ikiwa imebanwa au imevutwa, kisha ikaguswa na petroli, asetoni au baadhi ya mafuta na dawa za kusafishia, huota nyufa nyembamba kama nywele, na mara nyingine nyufa hizo hazionekani siku ileile. Mtu hupuliza mafuta kwenye klipu, yanatiririka hadi ukingo wa kioo, na wiki moja baadaye anaona mistari myeupe karibu na masikio. Kwenye klipu za plastiki mimi hutumia silikoni ya kupuliza, nayo pia naipuliza kwanza kwenye kijiti chenye pamba. Mafuta ya kupenyeza nayaacha kwa ajili ya chuma.

Na chuma kipo. Magari mengi ya zamani hayashikilii taa kwa plastiki peke yake. Mengine yana pini ndefu za chuma zilizopindwa kama ndoano, ambazo hupita ndani ya masikio ya taa na kufunga kwa kuzungushwa au kwa kuteremshwa nyuma ya kijiulimi cha bati. Rafiki yangu ana gari la aina hiyo, na tulizitoa pini zake pamoja. Zikiwa safi, pini hizi ni raha: unasogeza kijiulimi, unazungusha, unainua, bila spana hata moja. Zikiwa na kutu ni jambo jingine, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi, na tundu lisilo na pa kupanukia huibana pini kama jiwe. Kuivuta juu pini iliyobanwa hivyo ni kulivuta sikio la taa. Tuliitia mafuta kidogo kwa sindano ya dawa isiyotumika, juu na chini, huku kitambaa kikiwa kimefunika taa, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi tuliishika kwa koleo sehemu yake iliyolala na kuizungusha, kidogo sana upande huu, kidogo upande ule, bila kuivuta kabisa. Mwendo wa kuzunguka huisaga kutu kuwa unga, na mafuta huubeba unga huo nje; tuliona yakitoka ya rangi ya kahawia. Ilipozunguka kwa uhuru kama robo ya mzunguko ndipo tulipoinua, ikaja kwa vidole. Tungeanza kwa kuvuta, sidhani kama sikio lile lingebaki.

Ukiwa lazima upate mahali pa kuegemeza chombo ili ubenue kitu, egemeza kwenye chuma cha gari, weka kipande cha mbao au ngozi katikati, wala usiegemeze kwenye taa.

Aina ya mwisho ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu huwadanganya hata mafundi wazoefu: kichwa cha mviringo, kama gololi, kilicho kwenye ncha ya skrubu ya kurekebishia taa, ambacho huingia kwa kubonyezwa katika kikombe cha nailoni nyuma ya taa. Hakifanani na klipu, na mtu aliyekwisha kufungua bolti zote hushangaa taa ikicheza upande mmoja na kukataa upande mwingine. Kikombe kile huachia gololi kwa kuvutwa sawasawa na shina la skrubu, basi. Ukilivuta kwa pembe, shingo ya gololi, ambayo katika magari mengi nayo ni ya plastiki, hukatika, na hapo unakuwa umepoteza si kishikio tu bali uwezo wa kuielekeza taa. Pasha kikombe joto kwa kitambaa cha maji moto, weka vidole nyuma ya taa karibu kabisa na kikombe chenyewe, si kwenye kona ya mbali, halafu sukuma mbele kwa mshtuko mfupi. Usizungushe skrubu ya kurekebishia ili kujipatia nafasi. Kishawishi ni kikubwa, ila ukiizungusha umepoteza kipimo cha zamani. Kama huna budi, hesabu mizunguko na uiandike.

Sikio langu lililokatika lilihitaji kufikiriwa. Mgongoni mwa taa nyingi kuna herufi zilizopigwa chapa zinazotaja plastiki iliyotumika, na yangu ilikuwa na PP, yaani polipropilini, ambayo karibu gundi zote za kawaida hushindwa kuishika. Nilikata bamba dogo la alumini, nikalipinda lifuate umbo la sikio, na kuliunganisha kwa bolti mbili ndogo zenye washa pana, moja kila upande wa ufa. Si kazi ya kupendeza, na inaonekana ukifungua boneti, lakini inabeba.

Klipu mpya niliziweka katika maji moto kwa nusu saa kabla ya kuzitumia, kwa kuwa zilikuwa zimekaa katika mfuko mkavu kwa muda nisioujua, na klipu kavu inaweza kupasuka siku ileile inayoingizwa. Matundu ya bati niliyapiga msasa, nikayapaka rangi ya kuzuia kutu, nikangoja ikauke. Pini ya katikati ya kila klipu ilipata tone la silikoni. Hatua hizi ni fupi, na ndizo zitakazoamua hali atakayoikuta mtu mwingine akifungua taa hii baada ya miaka 10.

Baada ya hapo kilibaki kipimo cha mwanga, ambacho mtu asikiruke, kwa sababu taa iliyoinama juu kidogo humpofusha anayekuja mbele. Niliegesha gari kwenye sakafu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi na tangi likiwa nusu. Nilipima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, nikachora mstari ukutani kwa kimo hicho, na mstari wa pili sentimita 10 chini yake. Mteremko huo wa asilimia 1 ndio uliopigwa chapa kwenye mwili wa taa zangu, na gari lingine linaweza kuwa na tarakimu tofauti mahali hapohapo. Taa ya kulia, ambayo klipu zake zilitoka bila jeraha, iliangukia mstari wa pili bila kuguswa. Ya kushoto ilikuwa juu kwa upana wa vidole vitatu, kwa sababu sikio lenye bamba limeisogeza mbele kiasi cha milimita moja. Nilizungusha skrubu mara moja na nusu mpaka ukingo wa mwanga ukalala juu ya chaki. Nimeipima tena baada ya wiki tatu za barabara mbovu, nao bado uko palepale.